Kilichotoboa Mashua

Mashua ilikuwa juu ya trela, mbele ya gereji, na maji tuliyatia ndani yake. Mpira wa bustani ulining'inia ubavuni ukimwaga taratibu, nasi tulikuwa tumelala chali juu ya saruji, mimi na mzee, kila mmoja na kalamu ya wino mzito mkononi, tukilikodolea macho tumbo la chombo. Mimi nimekulia Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Huko maji yakiwa ndani ya chombo ni ya kutolewa, na kazi ya kwanza anayopewa mtoto baharini ni kuyafua. Sikuwa nimepata kumwona mtu akikijaza chombo maji kwa hiari yake.

"Ngoja," mzee aliniambia. "Yatatuonyesha yenyewe."

Ilikuwa Aprili, katika kitongoji kimoja cha Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani. Barafu ilikuwa imeachia maziwa siku chache nyuma na kila uwanja wa nyumba ulikuwa na mashua iliyovuliwa turubai. Jimbo hili lina maziwa zaidi ya 11,000 yenye ukubwa wa ekari 10 na kuendelea, na katika uvuvi wake mdogo chombo kinachotawala ni kama hiki chetu: cha alumini, futi 14, kilichoungwa kwa ribiti, chepesi kiasi cha kusukumwa na watu wawili kutoka kwenye trela hadi majini. Niliinunua kwa mtu aliyeichoka. Alinionyesha tundu bila kuficha: mpasuko wa urefu wa njiti ya kiberiti, upande wa kulia karibu na omo, pale ilipopanda jiwe. Kwa sababu ya mpasuko huo alipunguza bei, nami nikamwita mzee.

Mzee ni mtu wa Mombasa, fundi wa kuchomelea vyuma aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, nyumbani na huku ugenini. Sasa amestaafu, lakini Waswahili wa mji huu wakiharibikiwa na kitu cha chuma humpigia yeye kwanza. Niliamini atakuja na mtungi wa gesi na miwani nyeusi. Alikuja na kalamu mbili na mpira wa maji.

Tone la kwanza lilitoka kwenye mpasuko, kama tulivyotarajia. La pili lilitoka mbali kabisa nao, nyuma, karibu na tezi. Halikudondoka. Lilijitokeza kama jasho, likakua, likatambaa kufuata mstari wa ribiti. Mzee akalizungushia duara. Kisha jingine, na jingine. Tulipofunga maji niliyahesabu maduara: 11, mbali na ule mpasuko. Hakuna hata moja lililokuwa mahali ambapo jiwe lingeweza kufika. Yalikaa kwa safu mbili katikati ya chombo, kana kwamba kuna mtu aliyepita na msumari akichagua pa kutoboa.

(Kwa atakayetaka kufanya jaribio hili: hatukujaza hadi mdomoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mashua imeundwa kubebwa na maji kwa nje, si kuyabeba yenyewe huku ikining'inia juu ya trela. Kimo cha kiganja kinatosha, na mkuku uwe umeegemea kitu kigumu kuanzia omo hadi tezi.)

Babu yangu alikuwa fundi kalafati. Nilimshikia pamba nikiwa na miaka saba au minane, maji yakiwa yamekupwa na jahazi limelazwa ubavu juu ya mchanga. Alisokota pamba, akaichovya mafuta, akaisukumia kati ya ubao na ubao kwa chembeu na nyundo, na sauti ya nyundo ilibadilika pamba ilipojaa. Ubao uliooza aliukata akatia hasho. Chini yote ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Chombo kikirudi majini kilivuja siku ya kwanza na hakuna aliyebabaika, kwa kuwa mbao ikilowa huvimba, ikajibana na jirani yake. Mbao humsaidia fundi wake.

Alumini haivimbi. Tundu lililopo leo litakuwepo kesho, na kilicholila jana kikiwa bado kipo, kesho litakuwa kubwa zaidi. Ilinichukua muda kulielewa hilo, kwa sababu mkono wangu ulijua mbao.

Lakini alumini si mgeni kwetu. Iko jikoni. Sufuria tunazopikia ubwabwa na maharage ni alumini, na kila mji wa pwani una fundi aliyekaa barazani na nyundo yake, anayezitia vitako vipya na kupigilia mishikio kwa ribiti. Mama yeyote anajua kuwa mchuzi wenye chumvi ukilala ndani ya sufuria, asubuhi utakuta vidoa, na vidoa hivyo vikirudiwarudiwa hugeuka vishimo vidogo kama vya sindano. Sufuria kongwe ukiiinua kuelekea juani utaona nyota ndani yake. Hata baharini tumeizoea: boti za mwendokasi za Kilimanjaro, zinazovusha watu kati ya Dar es Salaam na Unguja, ni za alumini, zilizoundwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Abiria anayeshuka bandari ya Malindi, Unguja, amevuka mkondo juu ya ndugu mkubwa wa sufuria.

Huku Marekani, kuenea kwa vyombo vya alumini kulitokana na vita. Mwaka 1944 William Hoffman, mmoja wa wakuu wa kampuni ya ndege ya Grumman, alikwenda kuvua katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, na ikambidi abebe begani mtumbwi wa mbao na turubai kutoka ziwa hadi ziwa. Kiwandani kwake walikuwa wakikunja bati jepesi la alumini kutwa kucha kutengeneza ndege za kivita. Akauliza kwa nini bati hilo lisikunjwe likawa mtumbwi. Mwaka 1945 mitumbwi ya Grumman ilianza kutoka. Vita vilipokwisha, viwanda vilivyokuwa na mashine, bati na mafundi wa ribiti vilitafuta kazi ya amani, na hapa Minnesota kampuni za mashua zikazaliwa moja baada ya nyingine: Alumacraft na Crestliner mwaka 1946, Lund mwaka 1948. Ndiyo maana mashua yangu, ukiitazama kwa karibu, inafanana na bawa la ndege: bati jembamba lililokunjwa, mataruma ya alumini kwa ndani, na ribiti zilizopangwa kwa vipimo.

Bati lenyewe lina unene wa milimita mbili hivi. Ni aloi, alumini iliyochanganywa na magnesi kidogo ili istahimili maji na isiwe laini kama sufuria. Uzito wake ni theluthi moja ya chuma. Na haili kutu, watu husema, wakimaanisha haigeuki nyekundu. Kwa kweli alumini hushambuliwa na hewa haraka kuliko chuma. Ukiikwaruza, papo hapo hujivika ngozi mpya, nyembamba hivi kwamba jicho haliioni, ngumu, isiyopitisha maji. Kutu ya chuma hubanduka ikafungua njia kwa kutu nyingine. Ngozi ya alumini hung'ang'ania na kuilinda nyama iliyo chini yake. Kila kinachomsumbua fundi wa alumini kinatokana na ngozi hiyo. Ikiwepo pale anapotaka kuunga, gundi na moto havishiki. Ikitoweka pale anapoihitaji, chombo kinatobolewa.

Mzee alitaka kujua nani ameitoa ngozi ile katikati ya mashua yangu.

Tukang'oa sakafu. Juu kulikuwa na zulia la kijani, chini yake plaiwudi nene, safi, mpya kuliko chombo chenyewe. Nilipokagua mashua kabla ya kuinunua niliisifu sakafu hiyo. Zulia lilikuwa limelowa, na halikuwa na maji yetu tu. Harufu yake ilikuwa ya majani yaliyooza. Plaiwudi ilipoinuka tuliona unga mweupe, laini kama unga wa muhogo, umelala kwa mistari miwili pale ubao ulipokuwa umekalia mataruma. Mzee akaufuta kwa kidole gumba. Chini ya unga bati lilikuwa na vishimo vyenye kingo nyeusi, vingine vimefika upande wa pili. Mistari ile miwili ndiyo safu zetu mbili za maduara.

Kisha akatoa kitu kwenye tope la ngama, akakisugua kwenye suruali, akanipa. Ilikuwa senti moja ya Marekani yenye sura ya Lincoln, ya mwaka 1974. Pale ilipokuwa imelala palikuwa na alama ya mviringo iliyochimbika, saizi ile ile ya sarafu, na katikati yake tundu. Sarafu haikuwa na hata mkwaruzo.

"Shaba," alisema. "Na ubao huu umenyweshwa shaba."

Hapa naomba msomaji avumilie kidogo, maana bila hili matengenezo yote ni kazi bure. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji huwa betri. Hakuna anayeiwasha wala wa kuizima. Moja hutoa, nyingine hupokea, na ile inayotoa huliwa. Katika mashindano hayo alumini ni mnyonge mbele ya karibu kila kitu tunachoweza kukidondosha ndani ya mashua: shaba, risasi, chuma, hata chuma cha pua. Senti za Marekani kabla ya mwaka 1982 zilikuwa shaba kwa asilimia 95. Zilizofuata ni za zinki iliyopakwa shaba juu. Chubwi za risasi zinazodondoka kwenye mshipi hufanya kazi ile ile polepole. Kinachohitajika ni maji ya kuziunganisha, na zulia lililolowa lina maji mwaka mzima.

Ubao ndio mbaya zaidi, kwa sababu mwenyewe aliuweka kwa nia njema. Mbao za dukani zinazouzwa kwa ujenzi wa nje hutiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Hadi mwisho wa mwaka 2003, dawa iliyotumika zaidi Marekani katika mbao za nyumbani ilikuwa mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Aseniki ikaondolewa kwa sababu ni sumu, na dawa zilizochukua nafasi yake zikaongezewa shaba. Ni salama zaidi kwa mtoto anayecheza barazani, ila kwa alumini ni balaa. Mtu hununua plaiwudi hiyo akiamini haitaoza, anaikata vizuri, anaifunga moja kwa moja juu ya mataruma, anaitandikia zulia. Kila mvua inapoingia, shaba inatiririka kutoka kwenye ubao kwenda kwenye bati. Plaiwudi haiozi. Inayooza ni mashua.

Mabaharia walilipia somo hili zamani. Mwaka 1761 Jeshi la Majini la Uingereza liliivika meli yake HMS Alarm mabati ya shaba kuikinga na fuko, yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyoshikilia mabati ilikuwa imelika, mingine imekwisha kabisa. Iliyosalimika ni ile iliyotenganishwa na shaba kwa karatasi ya kaki, karatasi ya kufungia bidhaa ambayo wafanyakazi hawakuibandua. Karatasi tu. Mwaka 1824 mwanakemia Humphry Davy akaonyesha kwamba ukiifungia shaba kipande cha zinki au chuma, kipande hicho huliwa badala yake. Mpaka leo vyombo vya chuma na alumini hufungwa vipande vya namna hiyo, na sisi tuna neno lake kamili, tulilokuwa nalo kabla ya Davy: kafara. Baharini kafara hiyo huwa ya zinki au aloi ya alumini. Kwenye maji baridi kama ya Minnesota, magnesi hufanya kazi vizuri zaidi. Na bado watu huteleza. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba USS Independence, manowari mpya ya Marekani yenye mwili wa alumini, ilikuwa ikiliwa kwa kasi karibu na mitambo yake ya kusukuma maji, metali kwa metali, hali haina hata miaka miwili tangu ikabidhiwe.

Basi swali likawa namna ya kuziba. Nilidhani mzee wa kuchomelea atachomelea. Alikataa, na sababu zake naziandika hapa kwa kuwa nimeona mashua kadhaa zilizoharibiwa na moto wa mtu mwenye haraka.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Ngozi yake huyeyuka juu ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo fundi anayeipasha moto kama chuma huyeyusha nyama huku ngozi ingali nzima, kama mfuko uliojaa uji, kisha mfuko unapasuka na kila kitu kinadondoka. Tena haikuonyi. Chuma kikipata moto hugeuka chekundu, kisha cha machungwa, na fundi anasoma rangi. Alumini hukaa na rangi yake ile ile mpaka inapoanguka. Wenye mashine za umeme wa kwenda na kurudi na gesi ya argoni huivunja ngozi hiyo wakati wa kuchomelea, na mkono uliofundishwa hufanya mshono mzuri kama shanga. Kwa mashua nene, zilizoundwa kwa kuchomelewa tangu kiwandani, hiyo ndiyo njia. Lakini kwenye bati la milimita mbili lililokunywa maji na mafuta ya mashine kwa miaka 40 au zaidi, unyevu na uchafu hugeuka mapovu ndani ya mshono. Joto husambaa, likatanua bati, likalegeza ribiti za jirani, likachoma gundi ya kiwandani iliyo kati ya mabati. Unaziba tundu moja na kufungua manne.

Kuna pia vijiti vya kuyeyushia kwa moto wa gesi, vinavyouzwa kwenye maonyesho. Muuzaji hutoboa kopo la soda mbele ya watu, akaliziba kwa dakika moja. Vijiti hivyo si uongo. Huyeyuka karibu na nyuzi 390, chini sana ya alumini, na kwenye kitu kikavu, kisafi, kilichosuguliwa papo hapo, hushika kweli. Kanuni yake ni kupasha bati moto, si kijiti. Bati ndilo linalopaswa kukiyeyusha. Ila kopo la soda halina sponji ya kuelea chini yake inayoweza kushika moto, wala tangi la petroli. Ningevitumia kwa tundu moja, sehemu iliyo wazi pande zote mbili. Kwa tumbo la mashua, mzee alisema hapana, nami nakubaliana naye.

Tulianza na mpasuko. Kila ncha ya ufa mzee aliipiga tundu dogo la mviringo kwa keekee. Mimi nilishtuka, kuongeza matundu tena! Ufa huendelea kwa sababu ncha yake ni kali na nguvu zote hukusanyika hapo. Ncha ikiwa ya mviringo, nguvu hutawanyika na ufa unasimama. Kisha akagonga kingo zilizojikunja mpaka zikawa bapa, mimi nikikinga upande wa pili kwa kipande cha chuma kizito.

Kiraka alikikata kutoka bati la aloi ya 5052, aina inayotumika kuundia mashua hizi. Hakutumia bati la madirisha. Kilipita ufa kwa vidole viwili kila upande, na pembe zake alizizungusha, maana pembe kali hunasa jiwe na ikabanduka. Ubavu karibu na omo umepinda, na kiraka kilikuwa kigumu. Ndipo alipochukua sabuni. Sabuni ya kawaida ya kipande. Akaipaka juu ya bati, akapitisha moto wa gesi kwa chini, akiukimbiza, hakuusimamisha mahali pamoja. Sabuni ikawa ya kahawia, kisha nyeusi, na hapo hapo akaondoa moto. Kwa kuwa alumini haibadiliki rangi, sabuni ndiyo inayosema kwa niaba yake: ikishakuwa nyeusi, bati limelainika na bado liko mbali na kuyeyuka. Lilipopoa alilibana kwa kiganja ubavuni mwa mashua likafuata umbo kama nguo.

Kiraka tulikiweka kwa nje, maji yawe yanakisukuma kuelekea chombo badala ya kukibandua. Wengine huweka ndani ili kisikwaruze mawe. Wana hoja, lakini mahali hapa mawe hayafiki mara kwa mara. Chini yake tulipaka gundi ya polyurethani ya vyombo vya majini, inayobaki na unyumbufu kama mpira. Silikoni ya bafuni mzee hataki hata kuiona karibu na chombo. Nyingi kati yake hutoa tindikali zikikauka, ile harufu ya siki, na zikishapakwa hakuna rangi wala gundi itakayoshika hapo tena mpaka uondoe kila chembe yake.

Ribiti zilikuwa za alumini tupu, za kichwa, zile za kugongwa pande mbili. Mimi ndani na chuma cha kukingia, yeye nje na nyundo. Za kuvuta kwa bastola ya mkono ni rahisi, mtu mmoja anatosha, lakini za kawaida zina tundu katikati pale shina linapokatika, na maji hupita humo. Anayezitumia achague zilizozibwa mwisho, na ahakikishe shina si la chuma. Tulianza katikati ya kiraka tukaenda kingoni, sentimita mbili na nusu kati ya ribiti na ribiti, gundi ikichungulia pembeni kila pigo. Kwa pigo la mwisho mzee alitega sikio. Nililijua sikio hilo. Babu alikuwa nalo.

Vile vishimo 11 vilihitaji subira kuliko nguvu. Tulisugua kila kimoja mpaka unga wote na weusi wote ukaisha na bati likang'aa, kwa brashi ya waya wa chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Brashi ya kawaida huacha punje za chuma ndani ya alumini laini, na kila punje ni betri mpya. Asetoni ikafuata, kwa kitambaa cheupe, tukibadilisha kitambaa mpaka kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Halafu epoksi, ile inayokauka bila kuwa kama kioo. Mzee aliipaka tabaka jembamba, na kabla haijakauka akachukua msasa akasugua bati ndani ya epoksi yenyewe. Nilimuuliza mbona anachafua kazi.

"Ukisugua pakavu, ngozi inarudi kabla hujaweka msasa chini," alinijibu. "Hapa ndani hewa haiingii. Gundi inakutana na nyama."

Sijasahau sentensi hiyo. Vishimo vikubwa vitatu, pamoja na kile cha senti, tulivitilia kiraka kidogo kwa ndani juu ya epoksi. Tulisubiri siku tatu kwa sababu usiku bado ulikuwa wa baridi, na epoksi kwenye baridi hukauka kwa shingo upande.

Sakafu ile sikuirudisha. Niliumia, maana ilikuwa imetengenezwa kwa mikono ya mtu mwenye kupenda chombo chake. Yeye aliamini kila mahali pamekamilika isipokuwa pale jiwe lilipogusa, nami niliamini hivyo hivyo. Mashua ya namna hii huzibwa kila mwaka kwa bomba la gundi juu ya kila tone, kwa nje, na kila mwaka tone jipya linatoka. Mwenyewe husema imezeeka. Haijazeeka. Kuna kitu kinachoila, nacho kimefunikwa zulia. Plaiwudi mpya tuliyonunua haina dawa. Tuliipaka epoksi pande zote na kingo zote, na juu ya kila taruma tukalaza ukanda wa plastiki mzito ili mbao na alumini zisikutane. Nilipokuwa nikiukata niliwaza wale wafanyakazi wa HMS Alarm na karatasi yao ya kaki. Zulia hatukuweka.

Tukajaza maji tena. Nililala chini na kalamu yangu. Kiraka kikavu. Vishimo vikavu. Baada ya robo saa likaja tone moja, kwenye ribiti ya kiwandani karibu na tezi ambayo mara ya kwanza haikuwa na kitu, huenda iliyumba tulipong'oa sakafu. Mzee hakukasirika. Alimwaga maji, akaniambia nikinge, akaipiga mara tatu, pigo fupi fupi. Tukajaza mara ya tatu.

Mwezi Mei, msimu ulipofunguliwa, tuliishusha ziwani alfajiri, yeye mbele na koti lake zito, mimi nyuma kwenye mashine. Tulikwenda mpaka katikati nikazima. Mzee akainua kifuniko cha ngama. Kulikuwa na maji kiasi cha kikombe cha kahawa. Akayapangusa yote kwa sponji, akaikamua nje, akapangusa tena mpaka bati likawa kavu kabisa, akaangalia saa yake. Upepo ulikuwa umelala. Tulikaa tumeinamia lile bati kavu kama watu wanaosoma barua moja, nyavu na ndoana zikiwa bado hazijafunguliwa. Ilipotimia nusu saa alipitisha kidole chini, pembezoni, kando ya kila ribiti, akakitazama, akanionyesha. Maji yale yalikuwa ya viatu vyetu. Akafungua chupa ya chai.